Filamu za Wanyonge Wanaoshinda Zina Tiba Gani?

Msomaji aliyewahi kuingia katika kibanda cha video mjini Rongo, Migori au Oyugis anajua kwamba humo watu hawatazami filamu kimya kama waliohudhuria ibada. Hupiga makofi na mbinja, humwonya mchezaji kuhusu adui aliye nyuma yake, hubishana na sauti ya anayewasimulia kwa Kiswahili, na mambo yanapozidi kuharibika hakosekani mmoja kule nyuma wa kuwatuliza wenzake: "Staringi hafi!"

Wiki hii tutazungumzia aina moja ya filamu hizo, yaani zile za michezo zinazosimulia kisa cha kweli cha mnyonge aliyewashinda wenye nguvu. Swali letu ni moja ambalo daktari huulizwa kwa nadra. Je, filamu kama hiyo humfanya nini anayeitazama, na je, inaweza kumsaidia mgonjwa?

Swali hili si la mzaha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2018 ulionyesha kwamba watu 19.6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 katika Kaunti ya Homa Bay walikuwa na virusi vya ukimwi. Katika Kaunti ya Migori walikuwa 13, ilhali wastani wa Kenya nzima ulikuwa 4.9. Miongoni mwao wamo vijana waliozaliwa na virusi hivyo na ambao wamekuwa wakimeza dawa tangu kabla ya kujua kusoma. Dawa za siku hizi ni nzuri. Anayezimeza barabara virusi vyake hupungua hadi visionekane kipimoni, na hapo hamwambukizi mpenzi wake. Lakini hata dawa zikiwepo, kijana wa miaka 17 huchoka. Ninapoketi naye na kumuuliza kwa nini ameacha, aghalabu yeye hunifafanulia faida za dawa kunishinda mimi mwenyewe! Hakuacha kwa kutojua. Aliacha kwa sababu haoni mbele kuna nini. Ndiyo maana wauguzi, walimu na viongozi wa makanisa wamekuwa wakijaribu kila njia ya kuwatia moyo, zikiwemo filamu.

MWILI WA MTAZAMAJI

Ubongo unajua fika kwamba ile ni picha tu ukutani. Hata hivyo, sehemu zake za ndani zinazohusika na hofu na huruma hazingojei uthibitisho. Mchezaji anapoanguka, tezi zilizo juu ya figo zetu humwaga adrenalini kana kwamba tumeanguka sisi, moyo ukaenda mbio, viganja vikatoka jasho na mate yakakauka. Kisha mambo yanapogeuka, vinyweleo husimama, kifua hupata joto, koo hukaba na machozi hulengalenga. Wanaume wa huku kwetu husingizia moshi wa jiko la jirani.

Hali hiyo ya pili imechunguzwa na wataalamu, miongoni mwao Alan Fiske wa Marekani na wenzake wa Norway, ambao waliipa jina la Kisanskriti, "kama muta", yaani kuguswa na upendo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 na kuhusisha nchi 19, dalili zake zilifanana kutoka taifa hadi taifa. Maelezo yao ni kwamba mtu huguswa hivyo pale ambapo ukaribu baina ya watu unapozidi ghafla. Ukitaka kuyapima maneno hayo, siku nyingine usitazame filamu, watazame watazamaji. Utagundua kwamba wengi hawalii kombe linapoinuliwa. Hulia dakika chache kabla au baadaye, kocha anapomkumbatia mtoto, au mama aliyekataa katakata kuja uwanjani anapoonekana amesimama langoni. Jambo hili tutalirudia, kwani ndiyo kiini cha makala haya.

Je, msisimko huo una hatari kwa mwenye maradhi ya moyo? Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka wa 2006, madaktari wa eneo la Munich nchini Ujerumani walihesabu wagonjwa wa dharura wa moyo, wakapata kwamba siku ambazo timu ya Ujerumani ilicheza waliongezeka mara 2.66 kuliko siku za kawaida. Waliopata mshtuko zaidi ni wale waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu hapo. Ile, hata hivyo, ilikuwa mechi, na matokeo yake hakuna aliyeyajua. Filamu ni afadhali, kwa kuwa mtazamaji anajua tangu mwanzo kwamba staringi hafi, na hofu yake ina kamba shingoni. Mzee mwenye shinikizo la damu atazame filamu bila wasiwasi, ila siku ya fainali ameze dawa yake kwa wakati, aache pombe, na akihisi kifua kinabana au maumivu yakishuka mkononi, asingoje kipenga cha mwisho. Apelekwe hospitali mara moja.

KWA NINI MNYONGE?

Kabla ya filamu kulikuwa na sungura. Hakuna mtoto wa Afrika Mashariki aliyelelewa na nyanya mwenye hadithi ambaye hakumshangilia sungura dhidi ya tembo na fisi. Mwaka wa 2007 watafiti watatu wa Marekani, Vandello, Goldschmied na Richards, walichapisha uchunguzi kuhusu tabia hii. Walionyesha watu mchezo wa mpira wa vikapu, na waliposema timu fulani ndiyo dhaifu, watazamaji waliona kwamba timu hiyo inajitahidi zaidi. Miguu ni ile ile, jasho ni lile lile, lakini jicho la mtazamaji limekwisha kumhurumia mmoja. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wazee wa Nyanza Kusini hawahitaji filamu kuelezwa haya. Waulize kuhusu Gor Mahia, klabu iliyobeba jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, huko Ndhiwa. Mwaka wa 1987 ilikutana na Esperance ya Tunisia katika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, ikatoka sare ya 2-2 mjini Tunis na 1-1 jijini Nairobi, ikatwaa kombe kwa mabao ya ugenini. Wapo wanaokusimulia mechi hiyo leo huku mikono ikitetemeka, na ukiwapima mpigo wa moyo wakati huo hutashangaa.

FILAMU ILIYOINGIA CHUMBA CHA MTIHANI

Basi tufike Kampala. Mwaka wa 2016 ilitolewa filamu ya Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair, kuhusu Phiona Mutesi, msichana wa mtaa wa mabanda wa Katwe aliyeuza mahindi barabarani. Baba yake alifariki kwa ukimwi Phiona akiwa mdogo mno. Aliacha shule kwa kukosa karo, na akaingia katika darasa la sataranji la mwalimu Robert Katende kwa kufuata bakuli la uji. Mwaka wa 2012, baada ya mashindano ya Olimpiadi ya sataranji mjini Istanbul, alipata cheo cha kimataifa katika mchezo huo. Anayedhani sataranji si mchezo na akae saa nne mbele ya ubao, kisha aniambie.

Mwaka wa 2016, mtafiti Emma Riley, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Oxford, aliwapeleka wanafunzi wa sekondari karibu 1,500 wa Kampala kutazama filamu. Kwa bahati nasibu, baadhi yao walitazama Queen of Katwe na wengine filamu ya hadithi za kubuni isiyohusiana na maisha yao. Wa kidato cha nne walikuwa wamebakiza wiki moja tu kabla ya mtihani wa taifa. Matokeo yalipotoka, wale wa kidato cha nne waliomwona Phiona walikuwa na uwezekano mdogo wa kuanguka hesabu kuliko wenzao. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana na kwa wale waliokuwa wakishika mkia darasani.

Msomaji na aizingatie habari hiyo kwa makini. Filamu haikufundisha hesabu hata moja. Hakuna aliyetoka ukumbini akiijua kanuni ambayo hakuijua alipoingia. Kwa maoni yangu, hesabu ilikuwa imo kichwani tayari, na kilichoondolewa ni ile sauti inayomwambia mtoto wa maskini kwamba mambo haya si ya watu kama yeye. Walionufaika kidogo ni wale ambao sauti hiyo hawakuwa nayo.

KIJANA NA SWALI LAKE

Nilipopata habari za utafiti huo, tuliionyesha filamu hiyo hiyo kwa kikundi cha vijana wanaotumia dawa katika Kaunti ya Homa Bay. Nchini Kenya vikundi vya namna hii hujulikana kama OTZ, na lengo lake ni sufuri tatu: kutokosa siku ya kliniki, kutokosa dawa, na virusi visivyoonekana kipimoni. Walezi walikaribishwa. Ukumbi ulijaa kelele tangu mwanzo, hasa kwa kuwa mama yake Phiona anaigizwa na Lupita Nyong'o, ambaye akina mama wa huku humwita "nyarwa", binti yetu. Familia ilipofukuzwa nyumbani kwa kodi, kelele zilikoma. Phiona aliposhindwa ugenini na kuuangusha mfalme wake ubaoni, msichana mmoja auzaye omena ufuoni alijifunika uso kwa leso.

Baada ya taa kuwashwa niliwauliza wamejifunza nini. Nilijibiwa kama darasani: kutokata tamaa, kuwa na bidii, kumtegemea Mungu. Kisha kijana mmoja mrefu, ambaye alikuwa amekosa kliniki miezi miwili, akasema bila kuinua macho:

"Daktari, huyu alikuwa na Katende. Mimi nikikosa kliniki hupata ujumbe wa simu kutoka kwa kompyuta."

Hakuna aliyecheka. Kijana huyo alikuwa ameiona filamu vizuri kuliko sisi tulioileta. Sisi tulimtazama anayeshinda, naye alimtazama anayemshika mkono, yule yule ambaye machozi ya ukumbi mzima yalikuwa yakimfuata. Zirudie filamu za aina hii moja baada ya nyingine nawe utamwona mtu huyo katika kila moja. Bila yeye hakuna kisa. Tunapowaambia vijana wagonjwa "mwige Phiona", tunawapa nusu ya hadithi, tena ile nusu isiyotugharimu kitu.

Tulichofanya ni kidogo. Kila kijana alipewa mwenzake mkubwa kidogo, mwenye virusi vilivyodhibitiwa, wa kumpigia simu kwa sauti yake mwenyewe. Kijana mrefu amerudi kliniki. Sitadai kwamba ni filamu iliyomrudisha.

Wiki iliyofuata alikuja shangazi wa msichana mwingine, kutoka kisiwa cha Mfangano. Aliketi, akatoa salamu za nyumbani kwa utaratibu, kisha akasema: "Daktari, mtoto alilia sana kwa ile filamu, na akaapa hatakosa dawa tena. Asante. Lakini nauli ya boti ni ile ile."

Maneno ya mama huyu ndiyo mpaka wa tiba hii. Filamu inaweza kumsaidia mtu ambaye kizuizi chake ni kukata tamaa. Haimsaidii ambaye kizuizi chake ni mfuko mtupu, na kumwonyesha shujaa wa Katwe bila kumuuliza amefikaje kliniki ni kumtupia lawama asiyostahili. Dawa ya msichana wa Mfangano ilikuwa kupewa vidonge vya miezi mitatu kwa mara moja, jambo linaloruhusiwa kwa mgonjwa ambaye hali yake ni tulivu. Kila mhudumu na amuulize mgonjwa wake kwanza kizuizi ni kipi kabla ya kumhubiria.

"JE, HII ILITOKEA KWELI?"

Hilo ndilo swali la kwanza la watazamaji wa huku, na wakijibiwa kwamba ni kweli, filamu hupanda bei machoni mwao. Lakini kweli ya filamu hupigwa pasi. Wengi wetu tuliipenda Cool Runnings ya mwaka wa 1993, kuhusu Wajamaika walioshiriki mbio za kigari cha barafuni katika Olimpiki ya Calgary mwaka wa 1988. Yule kocha mnene mcheshi hakuwahi kuwepo, ni wa kubuni. Wale vijana hawakuwa wakimbiaji waliokosa nafasi, kwani kadhaa wao walitoka jeshini. Kigari chao kilipinduka kweli, lakini hawakukibeba mabegani hadi mwisho, walitembea kando yake. Mimi huwaambia vijana haya waziwazi, nao hawaipendi filamu kidogo kwa sababu hiyo. Anayegundua mwenyewe kwamba alidanganywa ndiye hutupa yote.

Jambo zito zaidi ni kile kinachokuja baada ya filamu. Nikita Pearl Waligwa, msichana aliyeigiza rafiki anayemfundisha Phiona sataranji, aliugua uvimbe wa ubongo. Alipelekwa India kutibiwa, mwaka wa 2017 ikatangazwa kwamba amepona, kisha uvimbe ukarudi, na mwezi wa Februari mwaka wa 2020 akafariki akiwa na miaka 15. Hakukosa moyo wala hakukosa marafiki. Mgonjwa anayelishwa filamu za ushindi pekee huanza kuamini kwamba anayekufa ni yule ambaye hakupigana vya kutosha. Imani hiyo ni ya kikatili, na nimewasikia wafiwa wakiitamka matangani.

Huko Migori nako kuna kisa ambacho mtengenezaji wa filamu angekipenda. Mwaka wa 2006 timu ya SoNy Sugar, kutoka mji wa miwa wa Awendo, iliziacha nyuma klabu kubwa za miji na kutwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya. Filamu ingeishia hapo, wachezaji wakibebwa juu juu. Kisa cha kweli kiliendelea hadi mwaka wa 2019, timu ilipoondolewa ligini baada ya kushindwa kufika kwenye mechi zake wakati wa ukata wa fedha. Ninapowasimulia vijana wa Awendo yote mawili, husikiliza zaidi la pili. Wao pia wana vipimo vilivyokuwa vizuri mwaka juzi na vibaya mwaka huu, na wanataka kujua mtu hufanya nini baada ya kushuka daraja.

UKITAKA KUIONYESHA

Mzazi, mwalimu au mhudumu anayetaka kuitumia filamu kama hizi achague ile ambayo shujaa wake anafanana na watazamaji kwa hali ya maisha. Kikundi kisizidi watu ishirini hivi, ili kuwe na nafasi ya kuzungumza. Kamwe asiwachanganye vijana wanaotumia dawa na wengine wasiojua hali zao, wala asimlazimishe yeyote kusema anajiona katika nani. Siri ya mtoto ina thamani kuliko filamu yoyote.

Asihutubu mwishoni. Aulize tu: Ni nani aliyemsaidia huyu? Alipoanguka, siku ya pili yake alifanya nini? Nani angeweza kukufanyia hivyo wewe? Kisha kila kijana aondoke na jambo moja dogo la wiki hiyo, kama vile saa ya kumeza dawa au jina la mtu wa kumpigia, kwani msisimko wa filamu, kama chai, hupoa usiponywewa mapema. Na kijana ambaye kwa wiki mbili au zaidi hana hamu ya chakula wala marafiki, halali vyema, au anazungumza juu ya kufa, asipelekwe kutazama filamu. Huo ni ugonjwa wa sonona, unatibika, na mahali pake ni hospitali, siku hiyo hiyo.

La mwisho ni kwa yule anayeishika rimoti. Majina ya waigizaji yanapoanza kupanda katika Queen of Katwe, usizime. Hapo ndipo kila mwigizaji anapotokea akiwa amesimama kando ya mtu halisi aliyemwigiza: mwalimu Katende mwenyewe, mama mwenyewe, Phiona mwenyewe. Pale kwetu waliokuwa wamekwisha kusimama na kuelekea mlangoni walirudi wakaketi chini sakafuni.